Tulivyokwenda kukitazama kigari cha magurudumu matatu Mazinde, nusura kikatwe kwa ajili yetu

Wakuu, heshima kwenu nyote, mliokaa na mnaosoma mkiwa mmesimama kwenye foleni ya benki.

Nimeamua kukiandika hiki kisa kwa sababu kila nikikisimulia kwa mdomo naambiwa nimeongeza chumvi. Sijaongeza. Mashahidi ni karibu kijiji kizima, na baadhi yao wana video, ingawa nimewaomba wafute sehemu niliyolowa jasho.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mzigua wa Sindeni, Handeni. Riziki naitafutia Korogwe mjini, nina kaduka ka spea za pikipiki na bajaji.

Ugonjwa wangu ni magari ya zamani. Similiki hata moja, lakini nimo kwenye group la WhatsApp la wagonjwa wenzangu. Humo ndani watu wazima wenye familia zao wanaweza kununiana wiki nzima kwa sababu ya taa ya nyuma.

Basi, dereva mmoja wa lori aliyemo kwenye group akatupia picha. Kaipiga kwa mbali, Mazinde, kule mbele ya Mombo kwenye mashamba ya mkonge. Nyuma ya nyumba ya tofali kuna kitu cha mviringo, rangi imepauka, kimefunikwa turubai nusu. Chini kaandika: "Wadau, hii bajaji ni ya nchi gani?"

Group likachafuka.

Kwa wasiojua: baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ulaya watu walikuwa hoi kifedha. Petroli ya shida, chuma cha shida. Mafundi wakabuni vigari vidogo vya injini ya pikipiki, magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Vingine mlango uko usoni kabisa. Unafungua kwa mbele, usukani unaondoka na mlango, unaingia, unajifungia.

Maisha yalipotengemaa wakavitupa. Vilivyobaki leo ni vya kuhesabu, na wenye navyo wanavilea kuliko watoto.

Sasa kimoja kiko Mazinde? Na turubai? Sikulala vizuri, nakiri.

Kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu, group likanituma.

Nilifika nikakuta ni nyumba ya msiba. Mwenye kigari, Mzee Shija, alikuwa amefariki na arobaini yake haijafika. Nilitaka kugeuza, lakini mjane wake, Bibi Kabula, alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi na alishaniona.

Nikamwamkia, nikampa pole, nikakaa. Akaniuliza, "Kabila gani wewe?"

"Mzigua, bibi. Wa Sindeni."

Bibi akageukia jirani yake, akapaza sauti: "Mama Asha! Ingiza kuku ndani haraka! Mzigua kaja!"

Wakuu, nikajua nimefika. Bibi Kabula ni Mnyamwezi, na marehemu mumewe pia; baba yake Bibi alikuja zamani kukata mkonge. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, wao wakiwa wapagazi. Mtani anakutukana mpaka unakosa pa kuweka uso, na huruhusiwi kukasirika.

Nikamjibu, "Bibi, mimi nimetumwa na babu zangu. Wanauliza ule mzigo mliobeba kutoka Tabora mbona haujafika?"

Alicheka mpaka punje zikamwagika. Jirani akaniambia baadaye kwamba hajamsikia akicheka tangu wazike.

Baada ya hapo kila kitu kilikuwa rahisi. Bibi mwenyewe akanipeleka nyuma ya nyumba.

Mzee Shija alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Mzungu mmoja wa pale shambani aliporudi kwao alimwachia kigari kama zawadi. Mzee akakiendesha miaka na miaka, Jumapili kanisani, siku ya gulio Mombo, Bibi pembeni yake na kikapu mapajani; kazini alikwenda kwa miguu. Tairi zilipokwisha na zingine hazipatikani, akakiegesha. Bibi akakigeuza ghala la mbegu, maana panya walishindwa kuingia.

Nikafungua mlango. Kile kigari kikapiga mwayo, usukani ukaja na mlango kama nilivyosoma. Ndani maharage, mahindi ya mbegu, mtama. Nilikuwa na furaha ya kitoto kabisa, siwezi hata kupiga picha iliyonyooka.

Nikamuuliza Bibi anataka kukifanyia nini.

"Mie sitaki kitu, mtani. Nataka kikae hapo hapo. Asubuhi nikifungua mlango nikione, nijue Shija yupo kazini."

Hilo neno liwekeni akilini, ndilo msingi wa uzi wote huu.

Nikarusha picha kwenye group. Siku iliyofuata tu, mmoja wetu wa Dar tunayemwita Injinia akanipigia, keshafika Segera, yuko njiani anakuja.

Hapa ndipo tulipoharibu.

Injinia ni mtu mwema sana ila akiona gari la zamani anasahau kwamba kuna binadamu wengine duniani. Alishuka na begi. Akavaa glovu nyeupe na tochi ya kichwani. Akatoa sumaku, akawa anaipitisha kwenye bodi polepole, kujua wapi ni bati halisi na wapi paliwahi kupigwa bodifila, ule udongo wa kuzibia mabonde. Akatoa kioo kidogo chenye mpini mrefu, kile cha kuchungulia chini ya gari, akawa anakiingiza huku anakitoa kule.

Na muda wote anatafuna kitunguu saumu. Presha. Kuna daktari wa TikTok kamwambia kila saa punje moja.

Mwishowe akalala chini ya kigari, akaona namba za kiwandani bado zipo, akapiga kelele: "Ipo! Ipo na haijaguswa!" Alipotoka alikuwa analia machozi.

Nikageuka. Uwanja mzima umejaa watu, wanamtazama Injinia.

Wakuu, mnaotoka maeneo yetu mshaelewa. Kwa wengine nitaeleza. Huku kila kitu cha chuma cha zamani kinasadikiwa kuwa na mali ndani. Cherehani ya bibi, redio ya mbao, pasi ya mkaa, watu wameshavipasua vyote kutafuta zebaki nyekundu, ile inayosemwa inauzwa mabilioni. Na kila mtoto anajua inavyopimwa: kwa kioo na kwa kitunguu saumu.

Injinia kaja na vyote viwili, pamoja na glovu.

Kabla hajafika hata Korogwe kurudi kwao, habari ilikuwa imeshafika Mombo kwa Maganga. Huyu ni mtoto wa pekee wa Bibi Kabula, mtu mzima wa makamo, anafanya biashara ya nyanya. Siyo mtu mbaya. Ndoto yake ni kumjengea mama yake nyumba ya bati la msauzi, lile la rangi, na ghafla anaambiwa nyumba hiyo imelala miaka yote chini ya maharage.

Akanipigia. "Kaka, kuwa muungwana. Humo ndani muna kiasi gani?"

"Kaka Maganga, hamna kitu. Ni kigari tu."

"Kila anayejua husema hamna."

Nikamwunganisha na Injinia ili amtoe wasiwasi. Injinia, badala ya kusema hamna kitu, akasema, "Ndugu yangu, thamani ya kile kitu haielezeki." Nilitamani kuirusha simu mtoni.

Tulimwambia wenye vigari hivi wanavipenda tu, basi. Hakuamini. Na mimi ukiniuliza leo, hata mimi nisingeamini. Mtu mzima anatoka Dar, analala kwenye vumbi, analia, eti kwa mapenzi ya bati?

Siku chache kabla ya arobaini Bibi akanipigia kwa simu ya jirani. Sauti ilikuwa chini.

"Mtani, wanataka kunichania kigari. Maganga kaleta fundi wa grinda na jenereta. Nimesema, hawanisikii. Wajomba zake wote wamekubali. Wakishamaliza dua ya arobaini na kugawa vitu vya marehemu, wanakikata."

Nilijisikia vibaya sana. Kigari kimekaa salama miaka yote hiyo, tumekuja sisi tunaokipenda, ndio kinachinjwa.

Nikaanza kufikiri niende kwa mtendaji, sijui polisi, sijui watu wa mambo ya kale. Kabla ya yote nikampigia shangazi yangu Mwajabu, Sindeni, kwa sababu mimi nikikwama nampigia shangazi. Nikamweleza.

Akaniuliza, "Wewe baba ni Mzigua wa wapi?"

"Kivipi shangazi?"

"Msiba wa Mnyamwezi, kitu cha marehemu kipo uwanjani, halafu wewe unakwenda polisi? Arobaini lini? Njoo unichukue."

Vijana wenzangu, hapa ndipo niliposoma jambo ambalo shuleni halipo. Kwa desturi, msibani mtani ana ruhusa ya kukamata kitu cha marehemu. Koti, kiti, jembe, chochote. Akishakikamata hakuna wa kumnyang'anya, ni mkosi na ni aibu. Wafiwa lazima wakikomboe kwa anachotaka yeye. Mimi nilidhani hayo mambo yaliisha na wazee.

Siku ya arobaini tukafika. Shangazi Mwajabu ni mwanamke wa mwili wake, na siku hiyo kavaa kanga mbili na miwani ya jua. Alianza kulia tangu barabarani, kilio cha utani. "Oooo mpagazi wangu! Umekufa na mizigo yangu hujaifikisha!" Akina mama wakaanza kucheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Bibi Kabula alipomwona akasimama, akaweka mikono kichwani: "Tumekwisha, Wazigua wameleta jike lao!"

Dua ikasomwa, maana ukoo wao una Waislamu na Wakristo, na mwinjilisti naye akaomba. Tukala. Vitu vikagawiwa. Koti kwa mjomba, baiskeli kwa mpwa.

Nyuma ya nyumba jenereta likawashwa. Fundi akavaa miwani.

Shangazi akanishika mkono. "Twende."

Wakuu, tulikimbia. Shangazi hajakimbia tangu nimjue, lakini siku hiyo alikimbia. Tukazunguka nyumba, nikafungua mlango wa kigari, mbegu zilishatolewa, shangazi akajitupa ndani, nikabanwa pembeni yake, nikavuta mlango ukajifunga.

"Nimekamata!" akapiga kelele. "Gari la mpagazi wangu nimelikamata! Mtani kakamata!"

Fundi akabaki na grinda mkononi, hajui pa kuanzia.

Maganga akaja mbio. "Mama, shuka, hapa kuna kazi!" Akataka kushika mlango. Wajomba zake wale wale waliokubali kikatwe wakamrukia. "Usithubutu! Mtani hatolewi kwa nguvu! Unataka tuzikane tena? Mkomboe!"

Ndani joto lilikuwa la tanuri. Shangazi akaninong'oneza, "Baba, fungua kidogo tupate hewa."

Nikatafuta kitasa cha ndani. Hakuna. Kilishang'oka zamani.

"Shangazi, haufunguki."

Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile. Lakini vile vigari paa lake ni la turubai, na la hiki lilikuwa limeoza likashonewa gunia la katani. Shangazi akalisukuma kwa kichwa, mishono ikaachia, akajitokeza mpaka kifuani na miwani yake ya jua, akautazama umati kama mheshimiwa yuko kwenye kampeni. Mimi nikabaki chini na magoti yake shavuni.

Umati ukaanguka kwa kicheko. Hata fundi aliweka grinda chini.

"Haya," mjomba mmoja akasema, "mtani, unataka nini tukukomboe? Mbuzi?"

"Mbuzi kaeni naye ninyi, mbuzi wenzie."

"Kanga?"

"Ninazo."

"Basi sema."

Shangazi akasema, taratibu kabisa, "Nasikia mna zebaki. Nikomboeni kwa hiyo zebaki. Mkinipa tu, nashuka."

"Si imo humo humo ulimokaa!" Maganga akalalamika.

"Mimi sijui ilipo. Kaitafuteni kokote, lakini humu nimekaa mimi."

Mnaona mtego? Ili wapate zebaki lazima ashuke, na ili ashuke lazima wapate zebaki. Wazee wakawa wanagongana mabega kwa kucheka. Mmoja akasema huyu Mzigua angekuwa wakili, jela zingekuwa tupu.

Ila Maganga hakucheka. Nilimwona kupitia kioo cha mlango. Macho yamemwiva. Akasema kwa nguvu, "Ninyi chekeni. Mimi nataka mama alale pasipovuja. Kama humu muna kitu baba alikificha, kwa nini nisikijue? Mimi si mwanawe?"

Na kweli, wakuu, nilimwonea huruma.

Bibi Kabula akaja katikati, polepole, akasimama mbele ya mwanawe.

"Unataka kujua kilichokuwa kimefichwa humo?"

"Ndiyo, mama."

"Na nikikwambia utazima hilo dude?"

Maganga akaitikia kwa kichwa. Fundi akazima jenereta bila hata kuambiwa.

Bibi akasema, "Uchungu ulinishika wakati wa mvua. Baba yako akaniingiza humo kunipeleka hospitali ya Korogwe. Tumepita Mombo kidogo, sikuweza tena. Akasimamisha pembeni ya mkonge. Akafungua huo mlango, akavua shati lake. Hakukuwa na mama wala mkunga. Shija, fundi wa mashine, ndiye aliyekupokea. Siku zote nimekwambia ulizaliwa hospitali, maana watoto wa kambi ya mkonge walishakucheka kwa kigari hiki, nikaona wakijua na hilo watakumaliza."

Akamshika mwanawe kifuani.

"Mali iliyokuwa humo ni wewe, Maganga. Ilishatoka. Ndiyo hii inataka kukikata."

Shangazi juu ya paa alivua miwani.

Maganga akamwambia fundi afunge vitu vyake aende. Akaja mpaka kwenye mlango, akauliza: "Shangazi, nikukomboe kwa nini? Zebaki sina."

"Jogoo," shangazi akajibu upesi. "Na ufungue huu mlango, mpwa wangu anakufa."

Akatufungua. Nilitoka nimelowa kama samaki aliyevuliwa sasa hivi. Hiyo ndiyo sehemu ya video.

Nikadhani mambo yameisha. Lakini Maganga hakuondoka pale. Akaangalia ndani, halafu akainama, akaingia yeye mwenyewe, lile jitu zima, akajikunja, akakaa upande aliokuwa akikaa mama yake. Akavuta mlango. Watu tukarudi nyuma tukamwacha.

Alikaa humo kitambo. Kisha kichwa chake kikatokea kwenye lile tundu la paa, macho mekundu, anatabasamu.

"Mama, padogo humu."

"Ulikuwa mdogo, mwanangu," Bibi akasema.

Kigari kipo pale pale hadi leo, wakuu. Injini haijawaka, Injinia anasaka kabureta. Turubai jipya Maganga kanunua mwenyewe, na sasa yumo kwenye group, ndiye mbishi kuliko wote. Juzi kamfokea mtu wa Arusha kwa kusema ile rangi siyo original.

Nilichojifunza: ukipenda kitu cha mtu, kaa kwanza na mwenyewe, akuelewe umefuata nini, kabla hujatoa vifaa vyako. Mapenzi yasiyoelezwa yanatisha. Na vijana wenzangu, kawaulizeni shangazi zenu desturi zenu, zina meno kuliko mnavyodhani.

Wenye vigari vya namna hii, au waliowahi kuviona popote nchini, wekeni hapa chini. Wanyamwezi mnaotaka kunitukana, uwanja ni wenu. Jogoo tulishamla.